Kalafati ya Laptopu ya Baba

Laptopu ya baba ilikuwa kuukuu hata kabla haijawa yake. Mteja mmoja aliniletea niitengeneze, akaniambia kama haiponi niitupe, na hakurudi tena. Betri ilikuwa imekufa na kitufe kimoja kimeng'oka. Nikaisafisha, nikaitilia mfumo wa Linux, maana Linux haichagui mashine, hata kibogoyo humpa kazi. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Kismayo, kutibu kompyuta zinazokohoa. Ulimi wangu ni mkali, nakiri. Mtu akija kunifundisha kazi yangu, humrudishia mashine yake na kumwonyesha mlango.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Alizaliwa kisiwa cha Chovai, akajifunza kuchonga kwa babu yake, kisha akahamia mjini na kuendelea kuunda vyombo ufukweni mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Mkono unaotetemeka haushiki tezo ya kuchongea mbao. Siku alipoiweka chini alirudi nyumbani, akaketi kwenye mkeka. Mama alikwisha kututangulia mbele ya haki na tulikuwa wawili tu nyumbani. Nilimwona anavyopungua siku hadi siku, nikaogopa.

Vipimo vya mashua zake zote vilikuwa kichwani mwake, havikupata kuandikwa popote. Nikamwambia aviandike kwenye laptopu. Herufi alikuwa amezijua ukubwani, zile za Kilatini zinazoandikia Kisomali, na kwa kidole kimoja angeweza kubonyeza kitufe hata mkono ukitetemeka. Alikubali kwa shingo upande. Kilichomshinda kilikuwa ule uso wa kompyuta, yaani picha ndogo ndogo, orodha na vitufe vya kubonyeza, vyote vikiwa vimeandikwa Kiingereza.

"Mwanangu, kichu hichi chasema na mchu gani?" aliniuliza kwa lahaja ya kisiwani kwao. "Na mimi hakisemi."

Basi nikamwambia atoe majina yeye mwenyewe. Kwa siku nyingi, tukishaswali alasiri, tulikaa mkekani, mimi nikimweleza kazi ya kila kitufe, naye akifikiri na kukipa jina. Mahali pa kubadilisha mipangilio akapaita usukani. Kikapu cha kutupia taka akakiita ngama, kwa kuwa ngamani ndiko maji machafu yanakokusanyika chini ya chombo. Ule mstari wa chini unaoshika kila kitu akauita mkuku, kama ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Ile folda yenye picha ya nyumba, ambamo mafaili yake yote yalikaa, hata hakuifikiria.

"Hiyo ni Chovai," alisema.

Yalikuwa majina kumi na manne. Nilicheka siku hizo kuliko nilivyocheka kwa miaka. Tangu utoto nilikuwa nikimtazama baba akiwafundisha mafundi wake, nami sikupata kufundishwa kitu, kwa kuwa mtoto wa kike hashiki tezo. Nilikaa juu ya magogo, mbali kidogo, nikaona yote. Mwanafunzi akiharibu ubao, baba hakumkemea wala hakumwuliza. Alikwenda kuchukua ubao mwingine, akaupima, akautia alama za makaa mahali pa kukatwa, akaulaza kando ya ule ulioharibika, kisha akaenda zake msikitini. Mwanafunzi akiukuta hujua kwamba fundi ameona, na kwamba bado anahesabiwa. Asiyewekewa ubao hufunga vitu vyake na kwenda kwao.

Lingine nililoliona ufukweni ni kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za chombo. Mashua ikipandishwa kutengenezwa, pamba ya zamani baina ya mbao hutolewa yote, uzi kwa uzi, ndipo mpya itiwe na kugongwa. Baba alikuwa hana mzaha katika hilo. Alisema ukitia kalafati mpya juu ya kuukuu umemdanganya mwenye chombo, na maji hayadanganyiki.

Mwaka mzima baba aliandika. Alimaliza mashua sita, moja moja kwa dhiraa na shibiri zake, na akaanza ya saba, aliyomwundia mtu wa kisiwa cha Ngumi. Nikirudi kazini nilimkuta ameinama juu ya kioo, miwani puani, akinong'ona. Alirudi kuwa na kazi. Nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia.

Lakini macho yake yalikuwa yanadhoofika, na uso ule wa Linux nilioutia mwanzo ulikuwa mzito kwa mashine kongwe kama ile. Nikasikia kuna mwingine, mwepesi, wenye herufi kubwa. Nikapakua pakeji zake, yale mafurushi ya programu, kazini, nikazitia kwenye flashi, nikaja nazo nyumbani siku ya Alhamisi, baba akiwa ameketi barazani.

Ningeweza kuutia mpya na kuuacha wa zamani ulale pembeni. Linux inaruhusu, tena ndivyo inavyopenda, nyuso mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Mimi nilikuwa binti wa baba yangu. Nikasema sitii kalafati juu ya kalafati. Nikaiamuru mashine iung'oe uso wa zamani wote, pamoja na kila pakeji iliyokuja nao. Ikaniletea orodha ndefu na kuniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Nikautia mpya, nikawasha, ukafunguka haraka na herufi zake kubwa, nikajisifu moyoni.

Kisha nikatafuta usukani. Haukuwepo. Ngama haikuwepo. Hakukuwa na Chovai.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la kitoto. Linux ina sehemu yake yenyewe, ambamo kila pakeji huweka mafaili yake, na ina nyumba ya mtumiaji, ambayo pakeji haziigusi kamwe. Majina ya baba nilipaswa kuyaandika nyumbani kwake. Kwa uvivu nikayaandika ndani ya mafaili ya pakeji zenyewe, kwa kuwa njia ilikuwa fupi. Pakeji zilipong'oka ziliondoka na majina. Vipimo vya mashua vilisalimika kwa sababu vilikuwa nyumbani. Sikuwa na nakala nyingine ya majina, hata kwenye karatasi. Mimi, ninayewagombeza wateja kila siku kwa kutokuweka nakala!

Baba aliingia, akavaa miwani, akatazama. Alisogeza mshale huku na huku kwa muda.

"Hichi si changu," alisema. "Ni cha mchu mwengine. Mrudishie mwenyewe."

"Ni hichohicho, baba. Kimeharibika kidogo tu, nitakitengeneza."

"Umetoa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema nimepoteza maneno yako, baba, nipe tena. Badala yake hasira zilinipanda, hasira za mtu aliyekosa, nikamjibu kwamba kompyuta ni kazi yangu na mimi sikumfundisha kuunda mashua. Alinitazama. Akafunga kifuniko taratibu, akatoka kwenda msikitini.

Nilijiambia nitayakumbuka majina mwenyewe, niyarudishe kabla hajauliza tena. Nilikumbuka matano. Nikasema nitakaa kuyatafakari Ijumaa. Ijumaa ikawa na wateja, nyingine ikawa na mvua na umeme kukatika, na nyingine sikuwa na udhuru wowote ila aibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilingoja wiki saba. Baba hakuuliza. Nikirudi jioni laptopu ilikuwa rafuni, imefunikwa kitambaa, naye yuko mkekani na tasbihi yake. Nikaamini hakuigusa tena.

Kisha kifua kikamshika. Alilala siku tisa, na siku ya kumi tukamzika.

Watu walikuja, Qur'ani ikasomwa, na walipokwisha kuondoka nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia friji ya jirani. Siku chache baadaye nilitoa kitambaa na kuiwasha laptopu. Nilitaka vipimo, angalau hivyo visipotee. Nikafungua folda yenye picha ya nyumba. Mashua sita zilikuwepo, na ya saba iliishia palepale ilipokuwa siku nilipoharibu. Hakuwa ameongeza hata shibiri moja.

Kando yake kulikuwa na faili nisilolijua. Jina lake lilikuwa herufi moja tu, m. Nikatazama tarehe. Lilianzwa wiki ileile niliyomjibu vibaya, na mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa siku moja kabla hajaugua. Kumbe mimi nikiwa kazini alikuwa akiifungua kila siku, akitafuta njia katika uso asioujua, kisha akiifunika kitambaa kabla sijarudi.

Nikalifungua.

*penye guruduma la meno usukkani*
*penye kikapu ngama*
*penye mstari wa chinni mkuku*
*penye nyumba chovai*

Mistari iliendelea hivyo hadi kumi na miwili, na herufi zilikuwa zimerudiwa pale kidole kilipotetemeka. Hakuandika maneno peke yake. Alikwenda kwenye uso mpya, akaitazama kila picha, akaandika iko vipi, na mbele yake jina linalopaswa kukaa hapo, ili nisihangaike kupatafuta. Yalikuwa yamepimwa yote, yamewekewa alama. Nilichobakiwa nacho ni kukata tu.

Nililia hadi adhana ya alasiri ikanikuta pale pale. Nililia kwa wiki saba nilizomkwepa machoni, na kwa mashua ya mtu wa Ngumi, aliyoisimamisha ili ashughulikie kosa langu kwanza. Ila zaidi nililia kwa sababu nilikuwa na umri mkubwa, nimekaa juu ya magogo yale maisha yangu yote, na sikujua kwamba na mimi nahesabiwa.

Majina nimeyarudisha, na safari hii nimeyaandika nyumbani kwake. Ni kumi na mawili. Mawili ya mwisho hakuyafikia, na mimi siyakumbuki. Vitufe vyake nimeviacha bila jina.