Baron Alikuwa na Kiti, Mimi Sikuwa Nacho

Sina sababu ya kuwaficha, maana nusu ya mji wetu wa Likasi iliniona: kuna Jumapili moja nilitolewa mgahawani ili mbwa ale kwa utulivu, na mbwa mwenyewe nilikuwa nimempeleka mimi.

Ilikuwa miaka ile ambayo mshahara tulikuwa tunausikia kwa jina tu. Mimi nilikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani (ingawa vyuma vya kuchomelea havikuwepo), na mzungu aliyekuwa mkubwa wetu wa karakana alikuwa amekimbia wakati wa uporaji wa maduka na nyumba za wazungu, akaniachia mbwa wake, Baron, nimtunzie wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka miwili. Baron alikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kama sisi wote, ila kwa kuninunia.

Basi nilikuwa nataka kumwoa Béatrice, na kwao mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba wake, Papa Ngoy wa Kambove, mtu asiyecheka ovyo. Kwa ujinga wangu nilikuwa nimewaambia kwamba mimi sasa ndiye chef, mkubwa wa karakana. Mjomba akatuma habari kwamba anakuja kuniona kwa macho yake, nami nikamwalika katika mgahawa mmoja karibu na stesheni, walikokuwa wakila wazungu zamani. Béatrice alinisihi nimwache mbwa nyumbani. Nikamwambia mkubwa asiye na mbwa nani atamwamini, nikampiga Baron brashi, nikamvisha ukanda wake wa ngozi, tukaondoka.

Mhudumu wa pale, mzee Donatien, aliyevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka shati la ndani linaonekana, alipotuona uso ukamng'aa, nami nikajiweka sawa nipokee salamu, kumbe hazikuwa zangu.

"Bonjour, Baron," akasema. "Siku mingi."

Akamvutia kiti karibu na dirisha, Baron akapanda, akakaa kama aliyetoka pale jana. Nilipotaka kumfuata, mzee akaniwekea mkono kifuani, kwa adabu kabisa.

"Baboyi banangoyaka inje, mwana. Banc iko kule."

Yaani watumishi hungoja nje, kwenye benchi. Nikamwambia mimi si boyi wa mtu, mbwa ni wangu. Akasema kama ni wako, mwite. Nikamwita mara tatu, ya nne nikapiga na mluzi, na Baron akawa anatazama dirishani kama mtu anayesubiri treni. Nikageuka, nikamkuta Papa Ngoy nyuma yangu, vumbi la lori la Kambove bado liko mabegani, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Mzee Donatien akampokea vizuri, na kwa kuwa meza yenye kitambaa ilikuwa moja tu, akamkalisha mbele ya Baron. Mimi (chekeni tu), kwa kuogopa kufanya fujo mbele ya mkwe, nikaenda kukaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, na pale nilisikia yote. Nilimsikia mjomba akiagiza nyama, nikasikia anajibiwa kwamba nyama hakuna, kuna chai na mkate wa jana, kisha nikasikia harufu ya nyama. Kuchungulia hivi, Baron amewekewa sahani ya ng'ombe na mchuzi. Mzee akamweleza mjomba kwamba Baron alikuwa akija pale na bwana wake, na mwenye mgahawa aliagiza tangu zamani kila akija Jumapili apewe nyama, na agizo hilo hakuna aliyelifuta. Katika mji mzima hakukuwa na ahadi iliyokuwa bado inatimizwa, isipokuwa hiyo.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikaingia kwa dirisha (ndiyo, dirisha, tena na suti ya kuazima), nikashika sahani nimgawie mjomba nusu, Baron akang'ata kitambaa cha meza, mimi navuta sahani huku, yeye anavuta kitambaa kule, chai ikaenda mapajani mwa Papa Ngoy, nyama ikaruka, na watu waliokuwa wanatoka misa wakajaa dirishani. Mzee Donatien akanishika kola, akaniuliza mbele yao wote kwa nini naiba chakula cha mteja.

Papa Ngoy akafuta suruali yake taratibu.

"Mwana, weye unatumikaka kazi gani?"

"Soudeur, Papa. Hapana chef."

Alipojibu hakuwa ananicheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Nilikuya kuona muntu wa kuoa mutoto wetu. Soudeur ningemupokea. Sasa soudeur hakukuya, alituma imbwa."

Akaondoka. Ilinichukua mwaka mzima na safari nne za Kambove, peke yangu, na ovaroli yangu yenye matundu ya moto, mpaka akakubali. Kwa hiyo watu wakibishana kama mbwa wanafaa kuingia mgahawani, mimi nanyamaza, maana Baron alijua kukaa mezani kunishinda. Ila nimeapa: nikialikwa mahali nakwenda mwenyewe, na kabla hujaniuliza jina nitakuwa nimeshakuambia kazi yangu.