Miguu ya Anaclet katika Jumba la Nguzo Tisa

Katika Jumba la Nguzo Tisa hakuna tena mtu anayesugua sakafu kwa miguu. Tangu Hortense, wa mwisho kuisugua, aondoke, saruji nyekundu imefifia, vumbi la kiangazi limejilaza pembeni, na ule mwendo uliosikika humo karibu miaka sabini, shwaa ndefu kisha shwa fupi, umenyamaza. Wageni wa Jumamosi wanasikilizishwa sauti kutoka kisanduku kilichofichwa nyuma ya pazia. Ni sauti ya miguu ya Hortense mwenyewe, iliyonaswa kwa simu akiwa kazini bila yeye kujua. Wageni wanashikana mikono, wanatetemeka kidogo, wanapiga picha.

Lubumbashi nzima inalijua jumba hilo. Lilijengwa na Mzungu mmoja aliyetajirika kwa shaba, naye hakubana mkono: nguzo tisa mbele, madirisha ya duara kama macho ya bundi, na ngazi inayojizungusha hadi ghorofani bila kushikiliwa na kitu. Wasanifu wa majengo huja kutoka mbali kuitazama ngazi. Wengine wote huja kwa ajili ya mzuka. Inasemwa kwamba mtumishi mmoja alimwibia bibi wa nyumba mkufu, akavunjwa mguu, akafukiwa chini ya ukumbi, na mpaka leo anauburuta mguu wake akitafuta mlango.

Huyo mwizi wao ni baba yake Hortense.

Anaclet hakuiba hata kijiko. Aliteremka kutoka kaskazini ya Katanga pamoja na kaka yake aliyefanya kazi ya reli, akapewa sakafu. Sakafu zile zilidai nta: mabaki ya mishumaa yaliyoyeyushwa, mafuta ya taa, rangi nyekundu. Alipaka, akaacha ikauke, kisha akafunga vipande vya blanketi chini ya nyayo na kuteleza, hatua mbili mbele, moja nyuma, mpaka saruji imwonyeshe uso wake. Lakini bibi wa nyumba hakutaka kumwona Mwafrika akitelezateleza ukumbini mwake, wala hakutaka taa iwashwe imwamshe. Basi Anaclet akafanya kazi yake gizani, kabla ya mapambazuko. Wageni waliolala ghorofani walisikia miguu. Asubuhi wakashuka, wasione mtu. Mzuka ulizaliwa hivyo, kwa mtu aliyeamriwa asionekane.

Mwaka wa nne aliteleza kwenye ile ngazi inayosifiwa, juu ya nta yake mwenyewe. Nyonga ikavunjika, ikaungwa vibaya. Alirudi kazini akiburuta mguu wa kushoto, na hadithi nayo ikaongezewa mguu.

Wazungu walipokwisha kuondoka na jumba likapita mikono hii na ile, mzee alibaki. Hortense alipotimiza miaka ishirini, akamfundisha. Alijifunza kwa kumfuata nyuma, unyayo kwa unyayo, asijue kwamba anajifunza hata kilema chake. Miguu yake ni mizima yote miwili, lakini akifunga vitambaa tu, wa kushoto unaburutika. Majirani wa mtaani kwake, Kamalondo, walimcheka: anatembea sawa njiani, anachechemea kazini! Mara moja alijaribu kujirekebisha. Sakafu haikung'aa. Akaacha.

Halafu ikaja kampuni ya kutembeza wageni, na mkurugenzi wake, Madamu Joëlle, na Aristote, kijana wa viatu vilivyochongoka, mwenye kazi ya kusimulia. Hortense alimsikia akifanya mazoezi ukumbini. Alipofika kwenye mkufu, Hortense akaweka ndoo yake chini.

"Aristote, ule mzuka iko na jina. Ni papa yangu, Anaclet. Useme jina yake."

"Jina? Mama Hortense, mzuka iko na karte delekta ya kupigia kura?"

"Na usiseme aliiba."

"Kama hakuiba, atakuwa mzuka ju ya nini? Bantu banakuya kuogopa, mama. Habakuye kuona nta."

Madamu Joëlle aliingilia kati, mpole kama daktari aliyeficha sindano nyuma ya mgongo. Alikuwa na ombi. Siku ya ufunguzi, Hortense asimame nyuma ya ukuta wa mbao, na hadithi ikifika mwisho, ateleze. "Ule mwendo, ni weye tu unaujua."

"Mutasema jina?"

"Tutaona, mama."

Tutaona! Katika mji huu neno hilo ni mlango uliokwisha kufungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa mwingine. Lakini Hortense alikubali. Alitaka jina la baba yake litamkwe mara moja tu katika jumba ambalo mzee aliliachia nyonga yake.

Jumamosi ya ufunguzi, saa nne asubuhi, viti vilijaa. Hortense alisimama nyuma ya mbao, vitambaa miguuni, akingoja. Akamsikia Aristote akisema mtumishi. Akasema mwizi. Akasema mkufu, akasema mguu. Jina hakulisema.

"Sikilizeni!" akanong'ona Aristote.

Hortense hakuteleza.

"Sikilizeni, nimesema!"

Hortense akafungua mlango, akaingia ukumbini katika mwanga wa mchana, akiteleza mpaka katikati, shwaa, shwa. Akasimama.

"Mzuka njo huyu," akasema. "Miye ni Hortense, mutoto wa Anaclet. Papa hakuiba kitu. Balimukatalia taa, akaanguka pale kwa ngazi, ile munaipiga picha. Alikuwa muntu. Jina yake ni Anaclet!"

Wakapiga makofi.

Walisimama kabisa, wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi. Mama mmoja mwenye miwani akamkumbatia ili wapigwe picha pamoja. Madamu Joëlle akaja akiwa na machozi ya furaha. "Mama, unajua kucheza teatre! Kila samedi, kila Jumamosi, utafanya vile. Tutakutafutia kanzu nyeupe."

"Na jina?"

"Jina gani, mama?"

Hortense aliinama akafungua vitambaa. "Bazungu balimuficha," alisema. "Nyinyi munamuuzisha." Hakuna aliyesikia, walikuwa bado wanapiga makofi. Akatoka kwa mlango mkubwa, akapita kati ya nguzo, miguu mitupu, na barabarani alitembea sawasawa.

Juma lililofuata alimwandikia Madamu Joëlle barua, akitaka jina la baba yake lisemwe, akaipeleka mwenyewe kwa mlinzi wa jumba. Mwezi uliofuata akaandika nyingine. Hakujibiwa. Aristote bado anasimulia, na mwizi bado hana jina.

Hortense ana miaka sitini na miwili. Anaishi Kamalondo, katika nyumba ya mdogo wake Wivine, na anauza makala, mkaa wa kupikia, kwa ndoo mbele ya mlango.