Mashine Niliyokodi Nchi ya Baridi

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nalisema hili mapema ili mnicheke vizuri. Mtu asiyejua kuzidisha akipoteza hela tunampa pole. Mimi nilipoteza zangu nikiwa na kikokotoo mkononi.

Na hela yenyewe haikuwa ya kuchezea. Baba alituachia shamba la mikorosho Madimba, mimi na dada yangu. Dada anaishi hukohuko na hana mshahara. Mwaka wake mzima uko juu ya miti ile. Mimi nipo mjini, Likombe, na kazi yangu ni kutuma nusu ya gharama za palizi na kupulizia salfa. Salfa ya mgao wa serikali haijawahi kututosha, na mkorosho ukikosa salfa maua yanaota ukungu mweupe, yanakauka, basi tena. Mwaka ule nusu yangu ilikuwa tayari mwezi wa pili, na kupulizia ni mwezi wa sita. Nikasema, khaa, hela ilale bure miezi minne?

Nikakodi mashine. Ziko kompyuta, nchi moja ya baridi, zinachimba sarafu za mtandaoni: zinashindana kutwa kucha kukokotoa hesabu, na inayoshinda inazawadiwa sarafu. Kampuni inanunua mashine, wewe unalipia kipande cha nguvu yake kwa mwaka mzima, na kila asubuhi simu inakuonyesha ulichovuna. Kwa hesabu yangu miezi minne ingenirudishia hela yote, na minane iliyobaki ni faida tupu. Walimu wenzangu waliniuliza nawezaje kuamini kitu nisichokiona. Nikawajibu, gesi inapita kwenye bomba chini ya miguu yetu kila siku kwenda Dar es Salaam, nani kati yenu ameiona? Nilijiona bingwa kweli.

Nikaenda Madimba kumtambia dada. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, nikamweleza yote, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Palizi ya hiyo mashine analipa nani?"

"Umeme na matunzo? Wanakata kwenye mavuno yangu, kila siku."

"Bei ya sarafu ikishuka, na wao wanakata kidogo?"

"Hapana, makato yako palepale."

"Na wachimbaji wakiongezeka?"

Hapo nilikohoa kidogo. Wakiongezeka, nikamwambia, hesabu inafanywa ngumu zaidi, na fungu la kila mmoja linapungua.

Akaweka kisu chini. Kwetu mtu hakodishi mikorosho yake inayozaa hivihivi tu. Anakodisha akibanwa hasa, mara nyingi mgonjwa yuko hospitali: anachukua hela kidogo leo, mwenzake anavuna msimu mzima.

"Maskini," akasema. "Ana mgonjwa?"

"Nani?"

"Huyo mwenye mashine. Kama zinazaa hivyo, mbona anazikodisha?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamfafanulia taratibu, kwa ile sauti ya kidato cha kwanza, kwamba huu ni uwekezaji, dada, si mikorosho. Akasema, "Haya, mwalimu," akaendelea kumenya.

Mwezi wa mwanzo mashine ilizaa vizuri, nikawa nafungua simu hata kabla ya kunawa uso. Halafu bei ikashuka. Wachimbaji wakaongezeka, fungu langu likapungua, na makato yakabaki palepale. Mwezi wa tano makato yakayazidi mavuno, na mkataba ukajifunga wenyewe, kama ulivyosema kwa maandishi madogo niliyoyasoma na kuyapuuza. Kilichobaki hakikufikia hata kiwango cha chini cha kutoa hela. Hawakuniibia, na hilo ndilo lililoniuma. Wao walichukua hela yao yote siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikingoja bei ipande. Dada alikuwa ameliona hilo kwa maswali machache, huku anamenya mihogo.

Mwezi wa sita alipopiga simu nilimdanganya kwamba mshahara umechelewa. Akasema haya. Nilikaa wiki mbili na aibu yangu, usingizi haupandi, kisha Jumamosi moja nikaenda kukiri.

Nilikuta shamba zima linanuka salfa. Imepuliziwa salfa ya nusu yake, na ya nusu yangu pia, hakuna mti uliorukwa. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Ila chini ya mikorosho mitatu ya karibu na jiko, ile aliyoipanda baba kwanza na inayozaa kuliko yote, jirani yetu na mkewe walikuwa wanapalilia. Wakanikaribisha kama mgeni wao.

Nikamfuata dada jikoni. "Jirani anafanya nini kwenye mikorosho ya baba?"

"Nimemkodishia. Msimu huu tu."

Nikauliza, mjinga mimi, "Ile? Mbona unakodisha miti inayozaa namna ile?"

Akanisogezea kigoda, akanipakulia.

"Si unajua mtu anakodisha akiwa na mgonjwa?" akasema. "Mgonjwa wangu ni wewe. Kaa ule."