Maziwa ni ya Leo Asubuhi

Duka hili la jibini huku Uhispania lina harufu ya moshi, ileile ya mtungi ambao nyanya aliufukiza kabla ya kutia maziwa ya ngamia. Njia nzima nimerudia sentensi moja ya Kihispania. Sasa nimekwama katikati, na muuzaji ananingoja nimalize.

Nyanya alijua Kiborana tu. Tukitoka nyumbani Wabera kwenda kuuza maziwa sokoni, alirudia Kiswahili nilichomfundisha: "Maziwa ni ya leo asubuhi."

Siku moja mteja akamuuliza, "Mama, maziwa ni ya lini?"

"Maziwa ni..."

Wenzangu wa shule walikuwa wakipita. Niliona aibu, nikajibu mimi.

Nyanya akamimina maziwa. Kesho yake, njia nzima mpaka sokoni, alikuwa kimya.