Damu ya Watoto wa Tobias

Mama yangu, Awiti, alilelewa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya mji wa Thika. Siku hizi anaishi Gitothua, katika nyumba ya mawe yenye stima na mfereji wa maji, lakini ukimwacha aongee atakurudisha kambini. Atakwambia jinsi mvua ilivyokuwa ikinyesha, halafu siku chache baadaye mibuni yote ichanue kwa pamoja, shamba zima liwe jeupe, na harufu ile iingie mpaka ndani ya blanketi. Atakwambia kuhusu redio moja iliyosikilizwa na kambi nzima. Na katika kila hadithi, mbele kidogo, utamkuta Oluoch.

Oluoch alikuwa mdogo wake, ndugu yake wa pekee. Kichwa kikubwa, miguu myembamba, mdomo usiofungwa.

"Angekuwa wakili yule," Mama husema. "Ama mwizi."

Wote wawili walikuwa na macho ya manjano kidogo, na wote wawili walichoka upesi. Wenzao wakikimbilia mtoni, wao walibaki nyuma wakipumzika njiani na kujifanya wanaokota zambarau. Mwezi wa Julai, baridi na ukungu vikishuka, mifupa iliwauma mpaka wakalia. Nyanya, mama yao, aliwakanda kwa maji moto. Alisema ni baridi yabisi.

Babu yangu, Tobias, alikuwa na dada aliyeitwa Selpha, fundi wa kushona, aliyekaa upande wa pili wa kambi. Wakati ule alikuwa bado hajapata mtoto, kwa hivyo hao wawili aliwafanya wake. Aliwashonea kaptura na gauni za mabaki ya vitambaa, zenye mifuko ya rangi tofauti. Walimwita Waya, ndivyo Wajaluo tunavyomwita dada ya baba.

Julai moja, Oluoch akiwa na miaka sita, alipita kwa Waya jioni akanywa uji wa wimbi. Asubuhi aliamka na homa, tumbo limevimba upande wa kushoto, midomo imepauka kabisa. Babu alikimbia kutafuta gari. Alipolipata, mtoto alikuwa ameshakata roho mapajani mwa nyanya.

Matanga hayakuwa yameisha watu walipoanza kunong'ona. Mwanamke asiye na mtoto. Uji ule. Babu, ambaye alikuwa hajalala wala kula, alilishika neno lile. Alikwenda mlangoni kwa dada yake akasema mbele ya watu wote, "Umenimalizia kijana. Toka hapa, na jina langu usilitaje tena."

Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, amesimama kando ya jikoni. Anakumbuka Waya akiondoka na cherehani kichwani. Tangu siku hiyo jina la Selpha halikutamkwa kwetu, ingawa ilijulikana kwamba baadaye aliolewa, akazaa binti, na akahamia Mwiki, karibu kabisa na sisi.

Mama alikua, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, akaolewa, akatuzaa watatu. Maisha yake yote aliambiwa ana damu kidogo. Kiwandani rafiki yake Waithira alimbebea robota za vitambaa ngazini na kumtetea kwa msimamizi. Sisi nyumbani tulikula maini, bitiruti, na mboga za terere mpaka tukachukia rangi ya kijani. Zahanati ilimpa vidonge vya kuongeza damu. Ilipanda kidogo, ikashuka. Julai ilipofika alijifunika na kuuma shuka.

Mwaka jana, kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti ya Waithira, Mama alianguka akicheza. Tulimkimbiza hospitali moja ya Thika. Pale walikuwa wameanza kuwapima wagonjwa wote wa upungufu wa damu, waone kama tatizo ni la kurithi. Baada ya siku kadhaa Daktari Kivuva alituita.

"Mama, una selimundu," alisema. "Ile watu huita sikoseli. Chembe zako za damu hujipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, zinakufa mapema. Yako si kali sana, ndiyo maana umefika umri huu bila kujua."

"Kwa hivyo si chakula?"

"Si chakula. Ulizaliwa nayo. Baba alikupa nusu, mama akakupa nusu, na wao wenyewe hawakuugua. Tena hauko peke yako. Tangu tuanze kupima, tunawapata wengi ambao tulikuwa tukiwapa vidonge tu na kuwarudisha nyumbani."

Mimi nilikuwa nafikiria kuhusu sisi watoto, maana daktari alituambia kila mmoja wetu amebeba nusu moja. Mama alikuwa mbali.

"Daktari, mtoto akiwa nayo, anaweza kufa ghafla? Tumbo livimbe hapa kushoto?"

"Anaweza. Wengu hujaa damu, mwili unabaki mtupu. Wengi tumewapoteza hivyo."

"Hata kama jana yake alikunywa uji?"

Daktari alimtazama kwa upole. "Uji haungefanya lolote, Mama."

Mama aliinama, akafunika uso kwa leso yake. Tulipotoka nje hakutaka kwenda nyumbani.

"Carolyne," aliniambia, "nipeleke Mwiki."

Waya Selpha alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha binti yake akichambua mchele, mwanamke mwembamba wa karibu miaka themanini. Aliacha mchele, akamtazama Mama machoni.

"Hayo macho ni ya kwetu," alisema. "Wewe ni Awiti."

Mama alipiga magoti, akamweleza yote, akirudiarudia maneno ya daktari kama mtoto aliyetumwa dukani. Waya alisikiliza, sinia mapajani.

"Nilionja ule unga," alisema. "Nilipoondoka nilikwenda nao, nikaupika, nikaunywa wote, nione kama nitakufa. Sikufa. Lakini mtu akisemwa vile na ndugu yake, nyathina, mwanangu, hata yeye huanza kujiuliza."

"Baba alikosea, Waya."

"Tobias alikuwa anaumia." Alipangusa macho kwa kiganja. "Lakini alikosea."

Wamekuwa wakitembeleana tangu hapo. Mama anameza dawa zake, na Julai hii iliyopita aliumwa, lakini alisimama. Wakikaa pamoja hubishana: msimamizi wa shamba alikuwa na pikipiki au baiskeli, nani aliiba mapapai ya mlinzi.

Mwezi wa Agosti niliwapeleka kambini. Kambi haipo. Mibuni imeng'olewa, na mahali walipozikwa wafanyakazi, na Oluoch pamoja nao, pana ukuta mrefu na gorofa za kupangisha, nguo zimeanikwa kila roshani. Mama alitaka kumuuliza bawabu makaburi yalikuwa upande gani, Waya akamzuia. Waya mwenyewe aliweka mkono kwenye ukuta, akaita, "Oluoch! Oluoch wuod Tobias!" Oluoch mwana wa Tobias, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula. Mwanamke mmoja alichungulia kutoka juu, akadhani tumepotea.