Fulana ya Botamba

Miaka ile ya Wabelgiji, waliokuwa uani kwetu Lubunga ni bwana yangu Lifeta, ndugu yake Botamba aliyekuwa golikipa, na jirani Ramazani. Nilitoka safari nikawakuta wamekaa chini, kichwa mikononi. Papa mukwe, baba ya Lifeta, nilikuwa nimemwacha mgonjwa. Nikajua amekufa.

Nikajitupa chini, nikalia: “Papa, unisamehe! Ulikataza fulana ya Botamba isifuliwe mpaka fainali, bahati isitoke. Miye niliifua na sabuni! Ilikuwa inanuka!”

Papa mukwe akatoka ndani na fimbo yake. “Mama Afi, miye niko muzima. Hawa wanalilia kombe. Walifungwa fainali.”

Botamba akainua kichwa. “Shemeji, ulifua nini?”

Kama nimekosea jina la mtu, munisahihishe. Ya sabuni ninaikumbuka vizuri.