Aya Niliyoiruka

Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ilinichukua miaka mingi kuiandika sentensi hiyo, na hata sasa nimeiandika haraka ili nisije nikabadili mawazo.

Katika miaka ya tisini nilikuwa katibu wa kwaya yetu ya mtaa wa Saint-Gilles, huku ughaibuni. Tuliiita kwaya, lakini ilikuwa na magitaa mawili ya umeme, besi, ngoma na kinanda. Tulikuwa watu kumi na wanane wa Kivu na Katanga, tumevaa mashati ya manjano, tukiimba nyimbo za furaha kwa kasi ambayo mapadri wengine hawakuipenda. Kwenye kaseti ya kwanza mwimbaji wa mbele nilikuwa mimi. Albamu ya pili ilipotoka, mwalimu wa kwaya alikuwa ameukabidhi wimbo mkubwa kwa mama mmoja wa Bukavu, mfanyakazi wa nyumba ya wazee kule Laeken, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka kwetu. Mimi niliimba nyuma yake, sauti ya pili. Nilisema ni sawa. Nyumbani niliicheza CD na kuhesabu mahali alipovuta pumzi.

Ilikuwa desturi yetu kwamba kila gazeti likituandika, mimi nalikata, nalibandika kwenye daftari, kisha Jumamosi kabla ya mazoezi nalisoma mbele ya wote. Magazeti mawili ya Kifaransa yalitangulia. Moja lilisema tunatabasamu mno hata kwenye nyimbo za toba. Lingine lilitupa mistari minne chini ya habari za tamthilia. Sikuhuzunika kama katibu alivyopaswa kuhuzunika.

Kisha likaja gazeti la Kiholanzi, nusu ukurasa mzima. Lugha hiyo niliijua mimi peke yangu, kwa sababu nilifanya kazi ghalani na Waflandria. Nililisoma kwenye metro kutoka Porte de Namur. Mwandishi alisifu ngoma, akasifu namna sauti zetu zinavyopokezana bila kusukumana. Halafu aya nzima ilikuwa juu yake. Albamu hii, aliandika, ni ya kuchangamsha miguu mpaka mwanamke huyu anapofungua mdomo. Hapo msikilizaji anaacha kucheza na kukaa chini. Juu ya sauti ya pili hakukuwa na neno. Nilitafuta tena, mstari kwa mstari, nikapitiliza kituo changu.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema.

"Alors, papa secrétaire, banasema nini? Soma, tusikie!" wakaniambia mimi katibu wao.

Nikasoma kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo: ngoma, kupokezana kwa sauti, furaha. Nilipofika kwenye aya yake, jicho langu likashuka moja kwa moja hadi aya iliyofuata. Sikukwama hata kidogo. Watu wakapiga makofi.

Yeye alikuwa ameketi karibu na mlango, koti bado mwilini.

"Na mimi, papa? Hakuandika kitu juu yangu?"

"Hapana, maman. Ameandika juu ya kwaya nzima."

"Bon," akasema, akaanza kufungua vifungo vya koti. "Haina tatizo."

Onyesho la kuizindua albamu lilikuwa limebakiza wiki tatu, na mwalimu alikuwa bado anasita kumsimamisha yule mama mbele kwa sababu ya haya zake jukwaani. Baada ya mazoezi akaniita pembeni. "Donc, ile wimbo utaimba wewe. Hata magazeti hayakumuona." Nikainamisha kichwa kama mtu anayepewa mzigo. Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiuimba.

Jumamosi iliyofuata yule mama alikuja na nakala ya lile gazeti, ameikunja mara nne ndani ya pochi. Alisubiri hadi wote wakae.

"Kule kazini kuko bibi mumoja Muflandria, mimi njo namuoshaka kila asubuhi. Nilimupatia hii karatasi asome. Akasoma, akaniangalia, akaniuliza kwa Kifaransa: kumbe ni wewe huyu?" Akaniwekea karatasi mkononi. "Soma tena, papa. Pole pole. Usiruke."

Nikasoma. Nilipomaliza ile aya, hakuna aliyepiga makofi. Mpiga besi akasema, "Papa secrétaire, miwani yako inachaguaka maneno!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia yule mama, akamwambia ule wimbo ni wake, kisha akaketi kwenye kinanda bila kunitazama.

Sikuomba msamaha siku ile. Niliimba sauti ya pili, na hata nilipokuwa nikiona haya bado nilikuwa nikimsikiliza, nikingoja akosee. Hakukosea.

Wengine walipokuwa wakikunja nyaya alinifuata mezani na karatasi safi.

"Niandikie hii ya juu yangu kwa Kiswahili. Nitaituma kwa mama, Bukavu. Yeye hata Kifaransa hajui."

Nikaanza kuandika kwa mwandiko wangu mzuri wa daftari. Nilifika pale msikilizaji anapoacha kucheza, na kalamu ikasimama. Kulikuwa na neno la sifa ndogo zaidi ambalo lingetosha, na mama yake kule Bukavu asingejua. Lakini mwimbaji mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, koti limeshafungwa, akisoma kila herufi.

"Andika yote, papa."

Nikaandika.